Kampuni za kimataifa: zinaitumikia jamii au wenye hisa peke yao?

Mwuliza swali
Ndugu zangu, Januari 2020 Serikali ya Tanzania na kampuni ya kuchimba dhahabu ya Barrick zilitia saini makubaliano kuhusu kampuni yao ya pamoja, Twiga Minerals, ambamo Serikali ina asilimia 16 ya hisa, pamoja na ahadi ya kugawana manufaa ya kiuchumi ya migodi nusu kwa nusu. Je, hapo kampuni imeanza kuitumikia jamii, au wenye hisa wamelinda tu mali yao baada ya makontena 277 ya makinikia (mchanga wenye madini) kuzuiwa bandarini Dar es Salaam mwaka 2017?

Mhasibu
Bodi ya kampuni huwajibika kwa wenye hisa, na sioni sababu ya kuitarajia iwe na huruma. La kuuliza ni kile ambacho sheria inachukua kabla faida haijahesabiwa. Kodi ya mapato husubiri faida, na faida hiyo inaweza kuyeyuka vitabuni kupitia riba ya mikopo ya kampuni mama, ada za usimamizi na vipuri vilivyonunuliwa kwa bei ya juu kutoka kampuni dada, wakati dhahabu inaendelea kusafirishwa kila wiki. Mrabaha hauna mwanya huo, kwa kuwa hutozwa kwenye thamani ya madini yenyewe, na ndiyo maana kuupandisha kutoka asilimia 4 hadi 6 mwaka 2017 kulikuwa na uzito kuliko hotuba nyingi.

Mkazi wa Kanda ya Ziwa
Mgodi ulio jirani nasi ulitujengea ukumbi wenye bango kubwa la kampuni mlangoni, ilhali katika mkutano wa kijiji tuliomba kisima, na akina mama bado wanafuata maji mbali. Sheria sasa inataka mpango wa huduma kwa jamii ukubaliwe na halmashauri, lakini halmashauri nayo inapaswa kutusikiliza sisi kwanza.

Msomaji kutoka Nairobi
Naomba kutofautiana kidogo na Mhasibu. M-Pesa ilipozinduliwa mwaka 2007, Safaricom ilitafuta faida, na bado mama muuza mboga aliweza kumtumia mzazi wake fedha kijijini bila kumtegemea kondakta wa basi. Faida na manufaa ya umma vinaweza kwenda pamoja.

Mhasibu
Nakubali, ila tukumbuke kwamba majaribio ya M-Pesa yalichangiwa na fedha za umma za Uingereza, na Serikali ya Kenya ilikuwa na hisa nyingi ndani ya Safaricom. Umma ulikuwa mezani tangu mwanzo. Kwa upande wa migodi, sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 kuhusu uwazi inataka mikataba iwekwe hadharani. Ndugu yetu wa Kanda ya Ziwa aanze kwa kuiomba, kisha aulize halmashauri yake ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya mgodi umetumikaje.