Kichwa cha 6x4 kinavuma sakafuni kuanzia kilomita 60 baada ya kubadilishiwa krosi

DerevaWaTunduma
Habari wakuu, naomba msaada wa mafundi wa magari makubwa. Napeleka kontena Dar–Tunduma kwa kichwa cha 6x4, yaani chenye ekseli tatu, mbili za nyuma zikisukuma. Tangu kibadilishiwe krosi mbili (viungo vya msalaba) za propela kubwa, lile bomba linalopeleka nguvu ya giaboksi kwenye difu, kikifika kilomita 60 kwa saa kinaanza kuvuma chini ya sakafu. Kwenye 70 vioo vya pembeni havitazamiki na miguu inakufa ganzi. Usukani umetulia kabisa. Nikiwa na mzigo, wakati wa kuondoka mzanini gari zima linatetemeka, likishachanganya linatulia. Halafu limekuwa gumu, matuta ya Mikumi yote naishia kuyasikia kiunoni.

Fundi aliyefunga krosi amemwambia tajiri ni tairi za mbele, zinunuliwe mpya. Tajiri ananiuliza mimi, na sitaki atoe hela nyingi halafu mvumo ubaki palepale.

MzeeWaTairi
Anza na rahisi mkuu. Zungusha kila tairi ikiwa juu ya jeki uangalie kama rimu imepinda au tairi imevimba upande. Nyingine zinafungwa bila kukaa vizuri kwenye habu.

FundiMakambako
Kijana, usinunue tairi bado. Usukani umetulia, mvumo uko sakafuni: hapo umeshajieleza nusu.

Tairi ya 315/80R22.5 ikizunguka mara moja inatembea karibu mita 3.3. Kwa kilomita 70 kwa saa ni kama mizunguko 6 kwa sekunde. Hiyo mwili unaihisi mmojammoja, kiti kinarusha na usukani unacheza. Propela, kama difu yako ina uwiano wa 4 hivi (propela mizunguko minne, tairi mmoja), inazunguka kama mara 24 kwa sekunde hiyohiyo. Hakuna binadamu anayehesabu 24, unasikia mvumo tu. Na propela yenye krosi zisizoelewana inatikisa mara mbili kwa kila mzunguko. Ndiyo maana vioo vinatetemeka mpaka huoni nyuma.

Fanya jaribio. Tafuta barabara tambarare isiyo na magari, na gari liwe tupu. Siyo Kitonga wala mteremko wowote, hilo nakuomba sana. Fika 70, achia mafuta, weka gia huru kwa sekunde chache. Mvumo ukibaki, injini na klachi uziache. Kisha fika tena 70 kwa gia ya chini yake. Mvumo ukija kwenye 70 ileile ingawa injini inazunguka zaidi, tatizo liko nyuma ya giaboksi.

Sasa hizo krosi. Propela ikishushwa, ile sehemu yenye meno inayorefuka na kufupika huchomoka kirahisi, na kuirudisha inakubali kuingia kwenye jino lolote. Hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Krosi ikifanya kazi kwenye pembe haizungushi kwa mwendo mmoja, inaharakisha na kuchelewa mara mbili kila mzunguko. Krosi ya upande wa pili ndiyo inayofuta kasoro hiyo, na haiwezi kuifuta kama masikio ya yoki (uma wa chuma unaoshika krosi) ya mbele na ya nyuma hayakulala usawa mmoja. Jino moja tu likipishana utalisikia. Safisha matope na grisi, tafuta mishale au alama za kiwanda pande zote mbili za meno, ziangaliane. Kwangu hakuna propela inayoshuka kabla sijaipiga alama ya patasi, hata mwenye gari awe na haraka ya namna gani.

Wakati uko chini angalia pia vile vibati vya uzito vya kuisawazisha vilivyochomelewa kwenye bomba la propela. Kimoja kikidondoka kinaacha kovu la weldingi.

Msafiri_Malaba
Mimi niko Mombasa, hupakia kwenda Malaba. Hilo la kutetemeka wakati wa kung'oa mzigo lilinipata, na kwangu ilikuwa senta beringi, ile inayoshika propela katikati. Beringi yenyewe ilikuwa nzima, ila mpira unaoishikilia ulikuwa umekatika. Ukiitazama imesimama husemi kitu. Shika propela uisukume juu na chini.

FundiMakambako
Msafiri amesema kweli, mimi ningeongeza toki rodi. Hizo ndizo zinazozuia difu isijigeuze unapoondoka. Bushi zake (mipira ya kwenye ncha) zikiisha, mzigo ukivuta pua ya difu inanyanyuka, pembe ya krosi ya nyuma inabadilika ghafla, gari linatetemeka. Likishapata mwendo difu inarudi chini na kila kitu kinatulia, sawasawa na ulivyoandika. Weka magogo kwenye tairi, ingiza mtaimbo kwenye bushi, kandamiza. Ukiona chuma kinatembea ndani ya mpira, badilisha.

DerevaWaTunduma
Wakuu, nimerudi. Gia huru mvumo ulibaki, gia ya chini ukaja kwenye 70 ileile. Tumeingia chini na utingo, tukasafisha meno: mishale ilikuwa imepishana jino moja. Tumeichomoa tukairudisha. Leo nimepita 60, 70, mpaka 80, vioo vimetulia, naona gari la nyuma vizuri. Senta beringi nzima. Bushi mbili za toki rodi za difu ya mbele zinacheza, na bado linatetemeka nikiondoka na mzigo. Tajiri ameahirisha tairi, anataka bei ya bushi. Je, na ugumu wa gari ni hizohizo bushi?

FundiMakambako
Nimefurahi sana, na huyo tajiri asikilizwe, amefanya vizuri kuuliza kwanza. Bushi abadilishe zote za difu hiyo, siyo mbili tu, maana mpya na zilizochoka haziwezi kushika difu kwa nguvu sawa. Ukishafunga, simamisha gari pa tambarare, pima kwa programu ya pembe ya simu: mwisho wa giaboksi, propela, pua ya difu. Tafuta tofauti ya namba ya giaboksi na ya propela, kisha ya propela na ya difu. Majibu mawili yasipishane zaidi ya nyuzi 1, na kila moja lisizidi 3.

Ugumu ni jambo lingine. Hesabu majani ya springi kushoto na kulia. Wengi wanaongezewa jani ili gari lisilale, na likiwa tupu halina namna ila kuruka. Upepo wa tairi pima asubuhi kabla hujatembea. Shokapu iguse ukishafika safari: iliyo hai ina joto, iliyokufa ni ya baridi. Lete majibu na namba za pembe hapahapa tuziangalie.