Nikeli za madirisha ya Crown: stika nyeusi au rangi ya kupuliza?

Mawe_ya_Kirumba:
Mwangaluka wakuu. Gari ni Toyota Crown nyeusi. Mikanda ya nikeli inayozunguka vioo nataka iwe nyeusi ya kung'aa. Fundi mmoja hapa mjini anasema stika itabanduka pembeni, bora nipulize rangi. Mwingine anasema kinyume chake. Kazi nataka nifanye mwenyewe. Ninunue stika kiasi gani, na hizo pembe hubanduka kwa nini?

StikaNyakato:
Rangi ya kopo juu ya nikeli ni kujitafutia kazi. Nikeli ni laini mno, rangi haina pa kushika mpaka upige msasa na kuweka praima, na ukishapiga msasa ndiyo basi, mng'ao wa zamani haurudi. Stika ukiichoka unaipasha moto na kuibandua.

Kiasi: roli nyingi za stika za gari zina upana wa sm 152. Nunua nusu mita. Ukikata kwa kufuata upana wa roli unapata vipande 10 vya sm 5 kwa sm 152. Milango minne, mkanda wa juu na wa chini, ni vipande 8. Viwili ni vya kuharibu, na utaharibu. Kama nikeli inaendelea nyuma ya mlango wa nyuma, ongeza sm 20. Pima kwanza upana wa mkanda wenyewe: ukiwa sm 2, kipande cha sm 5 kinatosha kukunjwa pande zote mbili.

Usinunue stika ya mabango kwa kuwa ni rahisi. Ile hukandamizwa kwa rola kiwandani, ikipigwa na jua hujivuta irudi ilikotoka. Za gari, kama 3M 2080 au Avery Dennison SW900, humiminwa zikiwa majimaji, kwa hiyo hazina mvuto huo, na gundi yake ina vijinjia vya kutolea hewa.

SangaraMkavu:
Kuhusu pembe, sababu ya kwanza ni kuvuta. Mtu akifika kwenye kona anavuta stika kwa nguvu ili ifuate umbo, inakaa vizuri siku hiyo, kisha jua la saa nane linaikumbusha urefu wake. Kwenye kona usivute. Pasha moto kidogo, iache ilegee, isukume kwa kidole kutoka katikati kwenda nje.

Sababu ya pili ni kukata sawasawa na ukingo. Acha mm 5 hivi zizunguke hadi nyuma ya mkanda au zizame chini ya mpira. Mwisho wa mlango kunja hadi upande wa ndani, usiishie usoni ambako maji na upepo vinapita.

DadaWaGereji:
Wamesahau usafi, na hapo ndipo kazi nyingi hufia. Osha kwa sabuni, kausha, kisha futa kwa spiriti ya asilimia 70 na kitambaa kisichoacha nyuzi. Futa kwa kitambaa kingine kikavu kabla spiriti haijakauka yenyewe, la sivyo mafuta yanarudi palepale. Mafuta ya kung'arishia matairi na dashibodi yana silikoni, na gundi haishiki juu yake. Chimba uchafu chini ya mpira kwa kipande cha plastiki kilichofungwa kitambaa. Huko ndiko ncha ya stika inakokwenda.

Nikeli iliyoanza kuvimba au kumenyeka usiifunike. Stika nyeusi ya kung'aa huonyesha kila kipele, na nikeli iliyolegea hung'oka pamoja na gundi.

Fanya asubuhi, kivulini, sakafu imemwagiwa maji ili vumbi litulie. Kama uko karibu na ziwa usifanye usiku chini ya taa: wadudu wa ziwani hufuata mwanga, na mmoja akinasa chini ya stika anaonekana kama chunusi.

Kukata: tumia wembe mpya, ulaze kuelekea kwenye mpira, usikandamize juu ya nikeli. Bora zaidi ni ile tepu yenye uzi ndani. Unaibandika kwanza, stika inakuja juu yake, kisha unavuta uzi nao unaikata.

Mawe_ya_Kirumba:
Asante dada. Draya ya saluni itatosha? Na mikanda niing'oe?

StikaNyakato:
Draya inatosha kulainisha stika, haitoshi kumalizia. Mwisho lazima pembe na mikunjo ifike nyuzi 90 hadi 100 za Selsiasi ili stika isahau umbo la zamani. Azima hita ya fundi, ile ya kupuliza hewa ya moto, na kipimajoto cha mwanga kinachopima bila kugusa, na hita uitembeze muda wote. Ukiisimamisha sehemu moja unaunguza mpira na tinti.

Kung'oa si lazima. Mkanda wa chini ukiuvuta katikati unapinda, na ukishapinda haunyooki. Shusha kioo, fanya kazi mkanda ukiwa hapohapo. Ila usikunje stika kwenye ule ulimi wa mpira unaogusa kioo, maana kioo kikipanda na kushuka kitaikwangua.

SangaraMkavu:
Na kwa saa 48 usipeleke gari kuoshwa. Baada ya hapo mashine ya maji ishikwe mbali, mdomo wake usielekezwe kwenye ncha za stika. Waambie vijana wa kuosha kabla hawajawasha pampu.