Mlokole nikidai deni langu mwaloni naambiwa sina upendo, mnanishaurije?

MzeeWaSado
Bwana asifiwe wapendwa. Mi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza, huu mwaka wa 11, na niliokokea hapa hapa, zamani nilikuwa mtu wa viroba vya pombe na mwalo mzima unajua. Nilipookoka ile sado yangu ya kupimia iliyobonyezwa kitako nikaitupa nikanunua mpya, napima mpaka inaota kilima, na kwenye banda nikaandika kwa rangi YESU NI BWANA. Wateja wakaongezeka kweli nisiwe muongo. Sasa shida ikaanzia hapo hapo. Mtu akija anaanza na "mtumishi", na ukiona ameanza na mtumishi ujue hela hana. Nimekopesha mpaka mtaji umekonda. Kuna dada tunasali naye, yuko kwaya, alichukua gunia 2 anazipeleka Igoma kupima rejareja, akasema nitakulipa giza likiisha. Kwa wasiojua mambo ya ziwani, dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikitoka taa haina kazi mitumbwi inapumzika, kwaiyo huku hata madeni tunahesabu kwa giza. Sasa yamepita magiza matatu. Nimempigia ananijibu mtumishi si Yesu alisema kopesheni msitarajie kurudishiwa, Luka 6? Aisee nilibaki nimeshika simu tu. Mke wangu anasema twende kwa mtendaji, mzee wa kanisa anasema waamini hawashtakiani, 1 Wakorintho 6. Mi hapo katikati nifanyeje? Nikidai naonekana nimerudi nyuma, nisipodai watoto hawaendi shule.

MamaNyasaka
Amina, pole sana kaka yangu. Hilo neno la Luka kaambiwa anayekopesha, halikutolewa liwe ngao ya anayedaiwa, yeye aende akasome Zaburi 37:21 na Warumi 13:8 aone anaitwaje. Mi nauza mboga mboga na nilishapitia hayo mpaka nikalia. Nilichojifunza ni kutenganisha, ikifika Jumamosi natenga mafungu ya kutoa bure, mjane akija au mama mwenye mgonjwa Bugando nampa na namwambia kabisa hii nimekupa, usirudishe. Ukitaka mkopo huo ni mkopo, tunaelewana siku. Tatizo letu walokole tunatoa kitu hatusemi ni nini, wewe moyoni unajua umekopesha, mwenzio moyoni anajua amesaidiwa, mnakuja kugombana baada ya miezi mitatu wote mnaona mmeonewa.

JiraniPasiansi
Mi ni Muislamu ila naomba nichangie maana hapo mwaloni tunapima dagaa wote bega kwa bega. Sisi kwenye Baqara aya ya 282 tumeambiwa tukikopeshana kwa muda tuandike, na ndio aya ndefu kuliko zote kwenye Quran, yaani Mungu aya ndefu kuliko zote kaitumia kwenye daftari la madeni mzee wangu. Na kabla ya hapo, 280, tumeambiwa mdaiwa akiwa na dhiki apewe muda mpaka apate nafuu. Sasa swali, daftari lako liko wapi? Uliandikishana na huyo dada au ilikuwa "tunajuana"?

MzeeWaSado
Jirani hatukuandika. Niliona aibu kumtolea daftari mtu ambaye Jumapili tunaomba naye.

Kayabo_Kavu
Mi nitasema ukweli mnichukie. Ulipopiga rangi YESU NI BWANA kwenye banda ulikuwa unashuhudia au unatafuta wateja? Maana wateja walipoongezeka hukuja hapa kuuliza. Jina la Yesu limekuletea wanunuzi na hao hao wamekuja na bili. Huwezi kupokea upande mmoja tu. Ila na huyo dada nae ni msanii, asikusumbue.

MamaNyasaka
@Kayabo_Kavu umeongea kwa ukali baba, ila hilo la kwanza hata mimi limenichoma, kibanda changu kimeandikwa Ebeneza hahaha.

Mkerewe_Mtulivu
Habari zenu. Mi nimekuwa upande wa pili, wa kudaiwa, ngoja niwaambie kulivyo. Ni mkatoliki, nimezaliwa Nansio nimekulia Mwanza. Kuna mwaka nilidaiwa na mwanajumuiya mwenzangu laki mbili na nusu, pesa ya sangara, nikapata hasara, nikaenda kukopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, nilipe nikazama zaidi. Sikumkimbia yeye, nilikimbia kanisa. Yeye alikuwa anakaa benchi la tatu kulia, na ule muda padri anaposema mtakiane amani nilikuwa natetemeka, nampaje huyu mkono? Nikahamia misa ya kwanza ya saa 12 asubuhi maana alikuwa mtu wa misa ya pili. Miezi minane nasali na wazee na vikongwe. Siku moja naye kaja misa ya kwanza, sijui alikuwa na safari, nikatoka kabla ya baraka kama mwizi wa kuku. Akanikuta kituo cha daladala. Nikajua leo natukanwa mbele za watu. Akaniambia we bwana nilipe elfu tano tano kila wiki, usikose komunyo kwa ajili ya hela yangu. Nililipa yote, ilichukua karibu mwaka, na hakupunguza hata mia. Kwaiyo swali langu kwa mzee wa sado, huyo dada bado anaimba kwaya?

MzeeWaSado
Mkerewe umenimaliza. Hii Jumapili ya nne simuoni. Nilijua amesafiri.

Kayabo_Kavu
Wengine wanakimbia kweli jamani msiwaonee huruma wote. Mi kuna mtu wa Sengerema alikuwa kila nikidai ananiambia feri Kigongo imejaa foleni, nikawa namuelewa. Daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 tu unavuka na pikipiki, sasa hivi ananiambia anaogopa upepo wa darajani.

JiraniPasiansi
😂😂😂 huyo mpe pole ya upepo

MzeeWaSado
Narudi wapendwa, samahani kwa ukimya. Juzi nimeenda Igoma na mke wangu, sikupiga simu kwanza maana ningepewa Luka tena. Tumemkuta. Kumbe gunia moja liliharibika, stoo bati linavuja na mvua ilipiga usiku, dagaa zikaoza akazimwagia kuku, akakopa kausha damu ili anilipe na hiyo pesa ikaishia kwenye rejesho la kausha damu yenyewe. Hakuniambia kwa aibu, akaona bora andiko. Mke wangu, yule yule wa mtendaji, akasema gunia lililonyeshewa tumfutie nusu. Mi nilikubali pale ila kwenye daladala nilinuna mpaka Mabatini nisidanganye. Iliyobaki analeta elfu kumi kila wiki, tumeandika kwenye daftari, mke wangu kaandika yeye maana mwandiko wangu hausomeki, tumesaini wote watatu alafu tukaomba. Jumapili hakuja. Jana ametuma elfu kumi ya kwanza.

Kuhusu banda, Kayabo, rangi nimeiacha. Nilikaa nayo siku mbili nikaona nikifuta nitakuwa nimefuta kwa hasira tu. Ila chini yake nimeongeza MKOPO KWA DAFTARI, na jana tu kaka mmoja kaanza "mtumishi", kainua macho kasoma, kacheka, katoa hela mfukoni. Alikuwa nayo muda wote.

MamaNyasaka
Hahaha mtumishi! Mpitie huyo dada na Jumapili ijayo muende wote, asiingie mlangoni peke yake.

MzeeWaSado
Sawa mama, nitamwambia mke wangu ampitie. Wabeja sana.