Mwenye jina la mungu wa Wagiriki, Warumi au Wamisri, tupeane uzoefu

Mwana_Kibosho: Wakuu, jana redioni mhubiri kasema akina Apolinari, Dionisi na Isidori waombewe, wamebeba miungu. Kanitonesha kidonda. Mimi ni Apolinari. Nikiwa kidato cha tatu, shangazi alihamia kanisa jingine akanipeleka kwenye maombi. Wakaniwekea mikono, wakataka nilikane jina langu kwa sauti. Jina la babu! Alibatizwa kwa heshima ya Mtakatifu Apolinari, askofu wa Ravenna. Wao wakasema jina hilo linatokana na Apolo, mungu wa jua wa Wagiriki, mwana wa Zeu, na ndiye aliyemuua babu kwa kiharusi. Shangazi akaitikia amina. Amina, kwa kifo cha baba yake mzazi! Nililia mpaka sauti ikakauka. Baba hakusema naye tena hadi msiba wa bibi.

Binti_Bukoba: Pole sana kaka. Mimi Diana, yamenikuta.

Abu_Rajabu: Poleni, lakini jina lina uzito. Mtume (S.A.W.) aliwabadilisha majina masahaba walioitwa Abdul Uzza, kwa sababu Uzza lilikuwa sanamu la Maquraishi. Badilisha tu.

Mwana_Kibosho: Abdul Uzza ni mtumwa wa Uzza. Mimi si mtumwa wa Apolo.

Abu_Rajabu: Na Dionisi si "wa Dioniso", mungu wa mvinyo? Tuwe wakweli.

Katekista_Mstaafu: Ndiyo, asili yake ni hiyo. Ila Dionisio aliamini pale Athene, Matendo 17:34, na Maandiko yanamtaja kwa jina hilohilo. Epafrodito amebeba jina la Afrodite, na Paulo anamwita ndugu na askari mwenzake, Wafilipi 2:25. Apolo wa Aleksandria naye yupo, Matendo 18:24.

Omwana_wa_Kampala: Huku kwetu Apolo Kaggwa alikuwa katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, na Apolo Kivebulaya ndiye aliyepeleka Injili Mboga, Kongo. Nani atawaombea hao?

Dalali_Mwenge: Ukibadili jina jiandae: kiapo, vyeti vya shule, kitambulisho cha taifa, benki. Utazeeka kwenye foleni. Bora mwanao wa kwanza umwite Apolinari, shangazi amzoee.

Mtoto_wa_Bukavu: Mumesahau Isidori Bakanja! Isidori ni "zawadi ya Isisi", mungu wa kike wa Misri. Kijana wetu huyo wa Kongo alichapwa kwa amri ya msimamizi Mbelgiji wa shamba kwa kukataa kuvua skapulari ya Bikira Maria, kile kitambaa cha ibada kinachovaliwa shingoni. Vidonda vikaoza, akafa Agosti 1909 akiwa amemsamehe. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo II akamtangaza mwenye heri. Huyo naye alikuwa na pepo la Isisi?

Mwana_Kibosho: Asante ndugu. Hii namtumia shangazi leo.

Abu_Rajabu: Kwa Bakanja nanyamaza.

Binti_Bukoba: Katekista, na mimi nijibu. Diana wa Warumi ndiye Artemi wa Wagiriki, na Matendo 19 Efeso nzima inamlilia Artemi dhidi ya Paulo. Mume wangu anataka bintiye aitwe Diana kama mimi, mama mkwe kanifungulia sura hiyohiyo. Nimjibu nini?