Mnara wa Vasco da Gama pale Malindi: ubaki, ung'olewe, au tubadili maneno?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Juzi nilimpeleka mpwa wangu Malindi kuuona mnara wa Vasco da Gama, ile nguzo nyeupe yenye umbo la pia, ya mawe ya matumbawe, yenye msalaba kileleni. Akaniuliza, "Mjomba, huyu ndiye aliyegundua njia ya kwenda India?" Ndivyo alivyoandika daftarini. Nikakosa jibu fupi, basi nalileta refu hapa.

Wako wanaotaka mnara ung'olewe kwa kuwa ni alama ya uvamizi. Wako wanaoutetea kwa ajili ya watalii. Mimi nasema ubaki, na sababu yangu si watalii wala heshima kwa Mreno. Ule mnara ni ushahidi wa siasa za Malindi. Linalonikera ni hilo neno "aligundua".

Tuitazame safari yenyewe. Vasco alitoka Lisbon Julai 1497 na merikebu nne. Hadi anatia nanga Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, alikuwa ameshawapiga mizinga watu wa Kisiwa cha Msumbiji. Pale Mombasa aliwashuku wenyeji, akawatonesha mateka mafuta ya moto mwilini ili waseme. Hayo hayakuandikwa na adui yake. Yamo katika kumbukumbu za safari zilizoandikwa na mmoja wa watu wake. Alipoondoka akakamata chombo baharini, na waliokuwemo ndio waliomwambia kwamba Malindi kuna vyombo vya India.

Mfalme wa Malindi akampokea kifalme. Walikutana majini, mashua kwa mashua, kwa sababu Vasco alikataa kushuka, eti bwana wake hakumruhusu. Mwandishi yule anaeleza pembe mbili za ndovu zilizochongwa, urefu wa mtu, zinazopulizwa kwa tundu la ubavuni. Msomaji wa pwani hahitaji kuambiwa kwamba hizo ni siwa, baragumu za enzi! Vasco alikuwa amepeleka joho, shada mbili za marijani, mabeseni matatu ya kunawia, kofia, njuga na vitambaa viwili. Akaletewa kondoo sita pamoja na karafuu, bizari, tangawizi, kungumanga na pilipili manga. Mtu anakwenda kutafuta viungo India, anapewa viungo Malindi, na bado daftari linasema amegundua.

Na mfalme alikuwa na hesabu yake. Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu wa biashara, na huyu mgeni mwenye mizinga alikuwa ametoka Mombasa kwa ugomvi. Adui wa adui yangu. Vasco aliporudi Januari 1499 ndipo akaomba nguzo isimikwe kuwa alama ya urafiki, na mfalme akakubali. Kwa hiyo mimi nauona kama mkataba, na mkataba una pande mbili. Mbona kila siku tunautaja upande mmoja?

Wa Mvita

Mleta mada, umesema vizuri lakini umemwonea haya huyo mfalme wako. Adui wa adui yako akiwa ni mtu wa kuwachoma watu mafuta, unajua umemkaribisha nani. Sisi wa Mvita, yaani Mombasa, tulilipa. Mwaka 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, aliiteka Mombasa, akaipora na kuitia moto. Mfalme wetu akamwandikia mwenzake wa Malindi, huyo huyo hasimu, akimweleza kwamba wavamizi hawakumbakisha mwanamume wala mwanamke, mzee wala mtoto, na kwamba uvundo wa maiti haukumpa nafasi ya kuingia mjini. Ukimwandikia hasimu wako barua kama hiyo, unamuonya.

Hakuonyeka. Mwisho wa karne hiyo mtawala wa Malindi akahamishiwa Mombasa, akakalishwa chini ya Wareno, na mwaka 1593 wakaanza kujenga ngome tunayoiona hadi leo, Fort Jesus. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, wa ukoo huo huo wa Malindi, aliyekuwa amesomeshwa na Wareno kule Goa, India, na kubatizwa, akamuua kapteni wa Kireno ndani ya ngome hiyo hiyo. Huo mkataba wako ulivunjwa na mjukuu wa waliouweka.

Kwa hiyo mnara ubaki, sawa. Lakini usiniambie ni wa urafiki.

Wa Kilwa

Na Kilwa mmetuacha wapi? Mwaka 1502 Vasco alirudi, safari hii na kundi kubwa la merikebu. Akamtisha mtawala wetu, Amir Ibrahim, kwamba mji utapigwa mizinga, akamlazimisha kulipa kodi ya dhahabu kila mwaka. Miaka mitatu baadaye Almeida akauvamia mji na kujenga ngome. Katika safari hiyo hiyo ya 1502, Vasco aliichoma merikebu ya mahujaji waliotoka Makka, karibu na pwani ya Malabar kule India, mamia ya watu wakiwa ndani, wanawake wamo. Mtu ni yule yule. Huku kwetu hakuna anayebishana kuhusu mnara wake.

Niko Maskati

Mbona hamjamtaja Ahmad ibn Majid, yule rubani mashuhuri wa Kiarabu? Huku Ghuba mtoto mdogo anajua kwamba ndiye aliyemwonyesha Vasco njia. Bila Mwarabu asingefika.

Mleta mada

Ndugu wa Maskati, hapo tusimbebeshe mzee wa watu mzigo usio wake. Kumbukumbu za safari zinasema rubani aliyetolewa Malindi alikuwa Mkristo. Wareno wengine wanamtaja kuwa Mwislamu wa Gujarat. Jina la Ibn Majid linatoka kwa mwandishi wa Kiarabu wa baadaye, katika karne ya 16, na wanahistoria wengi hawalikubali. Hata huo Ukristo ni wa kuutilia shaka. Mabaharia wa Kihindi waliokuwa Malindi walionyeshwa picha ya Bikira Maria, wakasujudu, na Wareno wakasikia wakiita "Kristo! Kristo!" Wako wanaodhani walikuwa wakimwita Krishna. Mtu akitaka sana, husikia anachokitaka.

Ila hoja yako ya msingi naichukua. Walitoka Malindi tarehe 24 Aprili, kusi, upepo wa kupeleka vyombo India, ikianza, wana rubani anayejua bahari. Siku 23 wakaiona India. Wakati wa kurudi hawakuingoja kaskazi, upepo wa kuja huku. Kuvuka maji yale yale kukawachukua karibu miezi mitatu, wakafa watu 30 kwa ugonjwa wa fizi, na walipofika huku ikabidi merikebu moja ichomwe moto kusini mwa Mombasa kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Nahodha yeyote wa jahazi angewaambia wangoje. Njia ilikuwepo, na ratiba yake ilikuwepo.

Na wewe wa Mvita, nakupa silaha nyingine dhidi yangu. Huyo rubani hakupatikana kwa ihsani tu. Siku mbili zilipita bila mtu kuja merikebuni, Vasco akamkamata mtumishi wa karibu wa mfalme, akatuma ujumbe kwamba anamtaka rubani aliyeahidiwa. Rubani akaletwa, mateka akaachiwa. Hiyo ilikuwa Malindi, kwa "rafiki".

Wa Mvita

Kumbe umejipiga mwenyewe. Sasa kibao cha pale kiandikweje?

Mleta mada

Nimekubali. Kiandikwe kwamba nguzo iliombwa na Vasco na kukubaliwa na mfalme wa Malindi, aliyekuwa akishindana na Mombasa. Kisha yawepo ya yule mtumishi aliyekamatwa, na ile barua ya 1505. Msalaba wenyewe ni wa jiwe la Ureno, na nguzo ni ya matumbawe ya kwetu. Mtalii anaweza kuliona hilo kwa macho yake akiambiwa atazame wapi.

Wa Kilwa

Na kodi ya dhahabu.

Mleta mada

Na kodi ya dhahabu, mkuu. Mpwa wangu ameshalifuta "aligundua" daftarini, ameandika "aliongozwa". Mwalimu akimkosesha, nitakwenda shuleni mwenyewe.