Watoto kukatisha tiba ya saikolojia: tusiwatupie wazazi lawama zote

Wakuu habari zenu. Kuna hoja inarudi kila tukijadili hii mada, kwamba watoto wanaacha tiba ya mazungumzo njiani kwa sababu wazazi wa Kibongo hawana uelewa, wanakimbilia maombi na waganga. Nakataa. Alan Kazdin wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliyeisoma hii ishu miaka mingi, anataja asilimia 40 hadi 60 ya watoto wanaoanza tiba kuacha kabla ya muda, na huko ni Marekani, kwa hiyo tatizo haliwezi kuwa Uswahili wetu.

Chukulia mama wa Chanika, huko pembezoni mwa Dar es Salaam, anauza mboga Buguruni, mwanae kapangiwa kliniki Upanga kila Jumanne asubuhi. Hapo ni daladala za kuunganisha kwenda na kurudi, biashara imelala, mtoto kakosa shule na mwalimu anauliza kulikoni. Wakifika mama anakaa kwenye benchi, mtoto anaingia ndani, akitoka ukimuuliza mmefanya nini anasema tumechora. Dawa hamna, kipimo hamna, na hakuna aliyemweleza mama kwamba kuchora ndo njia ya mtoto mdogo kutoa yaliyomkuta. Baada ya wiki chache mtoto kaacha kukojoa kitandani, usiku analala, mama anaona kapona, na baba anayetoa nauli ndo kabisaaa, yeye hajawahi hata kuongea na huyo mtaalamu. Sasa huyo mama kazembea nini hapo?

Tena mfano mzuri tunao hapahapa nyumbani. Kuna utafiti wa Moshi na Bungoma, Kenya, uliotoka 2020, watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote, tiba ya vikundi vya wiki 12, na waliowahudumia ni watu wa kawaida waliopewa mafunzo, wala siyo madaktari. Kilichonigusa mimi ni kwamba walezi nao walishirikishwa kwenye tiba, hawakuachwa nje kwenye benchi.

Kliniki zetu zianzie hapo. Siku ya kwanza mzazi aambiwe ni seshen ngapi na kwa nini, atengewe muda wake na mtaalamu, na Jumamosi pawe wazi. Nyie mnaosema mzazi mzembe, semeni kweli, mtoto akikosa wiki mbili huwa kuna mtu yeyote anapiga simu kuuliza?