Vijana wetu wasome riwaya za uchawi, wezi na kusafiri katika wakati, au tuwanyang'anye?

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Naileta hoja hii hapa kwa sababu imeninyima raha wiki nzima. Mpwa wangu, msichana wa miaka 15, alikutwa shuleni na riwaya ya Kiingereza aliyoinunua kwenye vitabu vya mtumba. Kisa ni cha genge la vijana wezi wanaotumia uchawi kurudi nyuma miaka 100 ili waibe kitu ambacho leo hakipo tena. Kitabu kikachukuliwa, babake akaitwa, akapewa barua kwamba mtoto anasoma "mambo ya kishirikina". Mpaka leo kitabu hakijarudi. Shule siitaji, sikuja kuvunjia watu heshima. Nataka tulijadili jambo lenyewe.

Mimi nimekisoma, tena kabla hakijachukuliwa, kwa sababu yeye mwenyewe aliniletea akaniambia, "Khalati, soma halafu tuzungumze." Watoto wangapi wanatuambia hivyo siku hizi? Msimamo wangu ni kwamba arudishiwe kitabu chake, na sisi wakubwa tukae naye tumsikilize amekiona nini humo.

Watu wa Mombasa tunashangaa nini mtu akivuka wakati? Kila Ijumaa tunasoma Suratul Kahf. Wale vijana walilala pangoni miaka 309, wakaamka wakamtuma mwenzao mjini na pesa ya fedha akanunue chakula. Nilipokuwa mdogo ile pesa mkononi mwake ilinikosesha usingizi: anakwenda sokoni, hajui kama dunia imemwacha. Sisemi Qur'ani ni hadithi ya kubuni, hasha. Nasema mwana wetu hakuanza kuyasikia mambo haya kwenye kitabu cha Mzungu.

Na Fumo Liyongo je? Mamake alimfichia tupa ndani ya mkate wa wishwa, akijua askari watakula mikate mizuri na huo watamwachia mfungwa. Halafu nje ngoma ikapigwa kwa kishindo ili sauti ya tupa kwenye pingu isisikike. Mwili wake haukuingia silaha, ila sindano ya shaba ya kitovu. Hiyo tunawafundisha watoto na kuwatahini. Tofauti iko wapi?

Ustadh, Kibokoni

Wa aleikum salaam. Dada yangu, mfano wa Kahf hapo sipo mahali pake. Ile ni kudura ya Mwenyezi Mungu. Wale vijana hawakusoma uganga wakajilaza wenyewe. Sihri, yaani uchawi, imetajwa katika mambo saba yanayoangamiza, pamoja na shirki na kuua nafsi. Na katika Suratul Baqara, aya ya 102, hata wale malaika wawili, Haruta na Maruta, hawakumfundisha mtu ila baada ya kumwonya kwanza: sisi ni mtihani, basi usikufuru. Mtoto wa miaka 15 anaposoma kitabu kizima ambacho uchawi ni kipaji cha kujivunia, anayemwonya ni nani? Sisemi kichomwe. Nasema kuna mlango umefunguliwa na mlangoni hakuna mtu mzima.

Mama wa Kisauni

Nyinyi mwazungumza uchawi, mimi nataka tuzungumze wizi. Nauza mahamri na mbaazi. Mwaka jana alfajiri, naenda kuwasha jiko, vijana wa mapanga wakanizunguka. Wakanikata mkono kwa simu ndogo ya kabambe na shilingi mia tatu. Mkubwa wao sidhani amefika miaka 17. Mmoja namjua, nimemuuzia mahamri tangu yuko nasari.

Sasa mwaniambia mwanangu apewe kitabu ambacho mwizi ndiye hodari, mwizi ndiye mwerevu, na mwisho mwizi ndiye anayependwa? Mkono wangu mpaka sasa haukandi unga sawasawa. Hilo liko ukurasa wa ngapi?

Muuguzi, mzaliwa wa Ganze

Naongeza moja ambalo watu wa kisiwani huwa hamlioni. Kwetu Kilifi, neno "mchawi" linaua. Mzee akiota mvi na macho yakawa mekundu kwa moshi wa jikoni, na ana shamba, basi siku moja kijana wake mwenyewe atasema babangu ananiroga. Wapo wazee wanaoishi Kaya Godoma kwa sababu wakirudi makwao watakatwa. Sheria ya Uchawi iko vitabuni tangu 1925, na hakuna mzee ninayemjua ambaye imemwokoa.

Kwa hiyo siogopi mtoto kutamani uchawi. Naogopa akue akiamini kwamba uchawi upo kweli na una watu wake. Kitabu kinachosema wachawi wamezaliwa hivyo, damu yao ni tofauti, ukikisoma Ulaya ni burudani. Ukikisoma Ganze una mtu wa kumnyooshea kidole.

Mtembeza wageni, Mji wa Kale

Kwa ufupi tu. Huyo mwizi wa riwaya hatuna haja ya kumwagiza ng'ambo. Yusuf bin Hasan alichukuliwa na Wareno akiwa mtoto, akalelewa Goa, akabatizwa, akarudishwa Mombasa awe mfalme wao. Mwaka 1631 akaingia Fort Jesus na watu wake, akamuua nahodha wa ngome. Mwaka uliofuata akaondoka na meli, akawa haramia baharini. Nawaeleza wageni kisa hiki kila siku na wananisikiliza midomo wazi. Watoto wa shule wanaoletwa pale kwa ziara wanauliza choo kiko wapi.

Mwanafunzi, Tudor

Shikamooni. Mimi ni kidato cha tatu, na nimesoma vitabu vya aina hii kama sita. Naomba niseme kitu kimoja.

Babu yangu ni wa Kaloleni. Alituonyesha mahali palipokuwa na kigango cha babake, ile nguzo iliyochongwa ya kumkumbuka mzee wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama. Kiliibwa. Babu anasema walioiba ni vijana wa hapo hapo, waliahidiwa pesa kidogo, kikauzwa, kikavuka bahari. Nimesoma kwamba viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudishwa kwa wenyewe mwaka 2007 kutoka Marekani, lakini vingine vingi bado viko kwenye makumbusho ya huko. Cha kwetu hatujui kiko wapi.

Niliposoma habari za wezi wanaorudi nyuma katika wakati, sikutamani kuiba. Nilikaa nikawaza: ningerudi usiku ule ule, nikae pale kwenye kigango, niwasubiri. Halafu nikawaza, na kama mmoja wao angekuwa rafiki yangu? Ndiyo hadithi ninayoandika sasa, kwa Kiswahili. Nimefika sura ya nne nimekwama, kwa sababu sijui mwizi yule aliambiwa nini akakubali.

Aliyeleta hoja

Nimewasoma wote mara mbili kabla ya kujibu.

Ustadh, la mlango nimelikubali. Lakini tazama kilichotokea: mtoto alimleta mtu mzima mlangoni yeye mwenyewe, akaniita. Aliyemfungia ni barua. Mtoto akinyang'anywa kitabu, cha pili hatakisoma mbele yangu, atakisoma kwenye simu chini ya shuka, na hapo si mimi si wewe tutakaokuwepo. Ungekubali kukaa nao saa moja, uwaeleze hilo la Haruta na Maruta kama ulivyotueleza? Mimi mwenyewe nilikuwa sijui kwamba walionya kwanza.

Ndugu muuguzi, hilo la damu lilinipita kabisa nilipokisoma. Nimerudi kichwani kwenye kisa na ni kweli, wenye uchawi mle wamezaliwa nao, na kuna watu wanaowawinda. Mpwa wangu alikuwa upande wa wanaowindwa, aliwalilia. Pengine kwake kingeweza kuwa njia ya kumfikiria yule mzee wa Kaya Godoma. Pengine. Bila mtu wa kumuunganishia, sidhani angefika huko, na mimi nilikuwa naye nikashindwa kumuunganishia.

Mama wa Kisauni, pole sana kwa mkono wako. Swali lako la ukurasa limenikaa. Nimejaribu kukumbuka, na katika kitabu chote kile mwenye nyumba iliyoibwa hana jina. Anatajwa amelala, au yuko karamuni, au ni tajiri asiyestahili alicho nacho. Hakuna hata mmoja anayeamka asubuhi akakuta hana. Hilo ni kosa la mwandishi, na nilitamani nimwambie mpwa wangu hivyo lakini nilikuwa sijaliona mpaka uliposema wewe. Bado sidhani kumnyang'anya kitabu kungemfundisha jambo hilo. Wewe ungemfundisha.

Na wewe mwanangu wa Tudor, usiache sura ya nne.

Mama wa Kisauni

Huyo mtoto wa Tudor, mwambieni mimi naweza kumwambia yule kijana niliyekuwa namuuzia mahamri aliambiwa nini. Mamake alinieleza baada ya kushikwa. Aliambiwa kuna kazi ndogo ya usiku mmoja, na kwamba wenzake wote wamekubali, yeye tu ndiye mwoga.

Khalati, shule ikikurudishia hicho kitabu nipe na mimi. Kiingereza changu ni cha kubabaisha, mwanangu atanisomea jioni nikikanda unga. Akifika pale wanapoingia nyumba ya watu nitamsimamisha.